Manowari haili mizinga: Funzo la meli ya ugavi kwa mkulima wa Dakawa

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

UKIMUULIZA mtu wa kawaida nguvu ya manowari iko wapi, atakutajia mizinga, makombora na unene wa chuma chake. Ni jibu zuri, lakini si jibu kamili. Manowari ina mabaharia mia mbili au mia tatu wanaotaka kula mara tatu kwa siku. Ina injini zinazokunywa mafuta usiku na mchana. Mafuta yakiisha, mizinga yote inabaki mapambo, na chombo kilichokuwa tishio kinakuwa boya linaloelea.

Ndiyo maana nyuma ya kila kundi la manowari linalokaa baharini kwa muda mrefu kuna meli nyingine ambayo haipigiwi picha sana wala haisifiwi. Hiyo ni meli ya ugavi. Inabeba mafuta, maji, chakula, dawa, vipuri na risasi, na kuvikabidhi kwa manowari huko huko katikati ya bahari, bila manowari kurudi bandarini na mara nyingi bila hata kusimama.

Msomaji wa ukurasa huu anaweza kuuliza, sisi wakulima wa mpunga wa Dakawa na wafanyabiashara wadogo wa Morogoro yanatuhusu nini mambo ya manowari? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya jambo hili imepita katika maji yetu na katika ardhi yetu, hadi ukingoni mwa Mto Wami. Pili, tatizo ambalo meli ya ugavi iliundwa kulitatua ndilo linalomla mkulima mdogo kila msimu: safari ya kufuata mahitaji inayokula faida kabla mahitaji yenyewe hayajafika shambani.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Meli ya ugavi ya kisasa ni kubwa. Meli nne za Uingereza za aina ya Tide, zilizoundwa Korea Kusini na kuanza kazi kati ya mwaka 2017 na 2019, zina urefu wa takriban mita 200, yaani viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Kila moja inaweza kubeba hadi mita za ujazo 19,000 za mafuta, sawa na lita milioni 19. Kwa wanaoishi kando ya barabara kuu ya Morogoro, hesabu hiyo inaeleweka kwa urahisi: ni kama malori ya mafuta 500 yenye lita 38,000 kila moja, yakiwa yamepangwa foleni moja.

Wakati wa kukabidhiana, meli ya ugavi hushika mwelekeo mmoja na mwendo mmoja, kwa kawaida kati ya kilomita 22 na 28 kwa saa. Haipindi wala haiongezi kasi. Manowari ndiyo inayosogea taratibu kutoka nyuma hadi zinapokwenda sambamba, zikiachana kama mita 40 au 50 hivi. Kisha bunduki maalumu hurusha kamba nyembamba kutoka meli moja hadi nyingine. Kamba hiyo huvuta kamba nene zaidi, na hiyo nene huvuta waya wa chuma. Waya ukishakazwa, mpira mkubwa wa mafuta huning'inizwa juu yake na kusukumwa upande wa pili, na pampu huanza kazi. Mizigo mikavu kama chakula na vipuri hupita kwenye waya mwingine, au hubebwa na helikopta.

Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, mchana au usiku. Hatari yake ni kubwa, kwa kuwa maji yanayopita kati ya meli mbili zilizokaribiana huwa na nguvu ya kuzivuta zigongane. Msukani akizembea kidogo tu, mpira hukatika au meli hugusana. Kwa hiyo kila upande hufanya mazoezi ya kuachana kwa dharura. Ikitolewa ishara, mpira hufunguliwa, waya huachiwa, na kila meli hushika njia yake.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba nahodha wa manowari hangoji tangi likauke ndipo aite msaada. Huhesabu kila siku kilichobaki, huangalia safari iliyo mbele, na hupanga siku na mahali pa kukutana wakati akiba bado ipo. Anayeomba mafuta akiwa hana hata tone, kwa kawaida ameshachelewa.

Ujuzi huu haukuwapo zamani. Meli za makaa ya mawe zililazimika kuingia bandarini au kufunga nanga mahali palipotulia, na mabaharia wote hushinda kutwa nzima wakibeba magunia ya makaa, wakitoka weusi kama masizi. Mafuta ndiyo yaliyoleta mabadiliko, kwa sababu mafuta yanaweza kusukumwa kwa pampu. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ya Marekani iitwayo Maumee ilijaza mafuta meli ndogo za kivita zilizokuwa zikivuka Bahari ya Atlantiki kwenda Ireland, zote zikiwa katika mwendo. Tangu hapo bandari ikawa imejifunza kutembea.

Manowari iliyokwama Rufiji

Miaka mitatu tu kabla ya safari hiyo ya Maumee, Tanzania ilishuhudia kwa macho yake nini kinaipata manowari isiyo na ugavi wa uhakika.

Juni 1914 manowari ya Ujerumani iitwayo Königsberg ilifika Dar es Salaam. Ilikuwa na mizinga 10 na mwendo mkali kuliko manowari za Waingereza zilizokuwa zikiivizia nje ya bandari. Vita ilipokaribia, nahodha wake Max Looff aliitoa bandarini Julai 31, ili isifungiwe ndani. Siku chache baadaye, Agosti 6, iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Oman, ikiwa imebeba chai.

Ushindi huo haukuiondolea shida yake kubwa, nayo ni makaa ya mawe. Iliyachukua makaa ya City of Winchester, lakini yalikuwa hafifu. Nao Waingereza walikuwa wajanja: walinunua makaa yaliyokuwa yakipatikana katika bandari za Wareno wa Msumbiji ili adui asiyapate. Manowari yenye mwendo mkali kuliko zote eneo hili ikawa inajikokota kwa tahadhari, ikihesabu kila koleo. Iliokolewa na meli ya ugavi iliyoitwa Somali, ambayo ilikutana nayo kwenye pwani ya Somalia wakati makaa yakiwa karibu kwisha.

Mwanzoni mwa Septemba 1914, Königsberg ilijificha katika delta ya Mto Rufiji. Ilitoka mara moja, ikaenda Zanzibar, na alfajiri ya Septemba 20 ikaizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Jiulize Pegasus ilikuwa ikifanya nini bandarini wakati ule. Ilikuwa imetia nanga kwa ajili ya kutengeneza mitambo yake. Manowari inayolazimika kurudi bandarini ni rahisi kuipata.

Lakini zamu ya Königsberg nayo ilifika. Mitambo yake iliharibika, ikarudi Rufiji. Vipuri vya boila vilivutwa nchi kavu na wapagazi hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikarudishwa hivyo hivyo kwa nguvu za mikono na mabega. Kufikia wakati huo Waingereza walikuwa wameshagundua maficho yake. Novemba 1914 meli ya ugavi Somali ilipigwa kwa mizinga ikaungua, na makaa yake yakateketea. Königsberg ikawa imefungiwa mtoni.

Ujerumani ilijaribu kuisaidia. Februari 1915 ilituma meli iitwayo Rubens, ikiwa imevalishwa sura na jina la meli ya Denmark, ikizunguka Afrika na shehena ya makaa kwa ajili ya Königsberg pamoja na bunduki na risasi kwa jeshi la nchi kavu. Aprili 14, 1915 ilifika karibu na Tanga, lakini manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaifukuza hadi ghuba ya Manza. Nahodha wake aliipandisha kwenye maji mafupi na moto ukawaka juu ya sitaha, hata Waingereza wakaondoka wakiamini shehena yote imeteketea. Baadaye Wajerumani walizitoa bunduki na risasi zilizokuwa chini, wakazianika zilizolowa. Makaa ya Königsberg hayakufika Rufiji. Julai 11, 1915, baada ya mashambulizi ya meli mbili za Kiingereza zenye kina kifupi, Severn na Mersey, manowari hiyo ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe. Mizinga yake iliopolewa na kupelekwa kupigana nchi kavu. Mmoja ulikuja kuwekwa Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria, Afrika Kusini.

Kwa hiyo mizinga 10 haikuiokoa Königsberg. Kilichoimaliza kilianza na ghala la makaa lililokuwa tupu.

Njaa iliyofika Dakawa

Vita hiyo haikuishia pwani. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka kutoka Kilimanjaro kuelekea Reli ya Kati. Katikati ya Agosti mwaka huo yalipigana na Wajerumani hapa hapa Dakawa, kwenye Mto Wami, na Agosti 26 yakaingia mjini Morogoro. Wajerumani walikuwa wameshaondoka kwa njia za Milima ya Uluguru kuelekea Kisaki.

Kwa ramani, Smuts alikuwa ameshinda. Kwa tumbo, jeshi lake lilikuwa limechoka kabisa. Ghala zilikuwa mamia ya kilomita nyuma. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Malaria iliwalaza askari, na chakula kilipunguzwa hadi nusu ya kiwango. Jeshi lililokuwa na watu na silaha nyingi kuliko adui yake lilishindwa kumzingira Mjerumani, na vita ikaendelea hadi Novemba 1918.

Mzigo wa vita hiyo ulibebwa na wapagazi Waafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, uchovu na magonjwa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kwa matamshi yetu jina hilo likawa Kariakoo. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeshusha mchele wa Dakawa katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, anashusha mzigo wake mahali palipopewa jina la watu wa ugavi.

Tufanye hesabu moja rahisi ya upagazi, maana ndani yake kuna siri yote. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 25 hivi. Tuseme anakula kilo moja ya nafaka kwa siku, na mzigo aliobeba ndicho chakula chenyewe. Akienda siku 5 na kurudi siku 5, amekula kilo 10, na zinazofika kwa askari ni kilo 15. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula 20, zinafika 5. Safari ikizidi siku 12 kwenda tu, hakuna kinachofika. Mzigo wote umeliwa njiani.

Meli ya ugavi ni jibu la hesabu hiyo. Nayo inakula njiani, lakini inakula kidogo ukilinganisha na inachobeba. Pili, inaiacha manowari ibaki kazini badala ya kupoteza siku kwenda na kurudi. Kuanzia Machi 1966 hadi Juni 1975, manowari za Uingereza zilikaa nje ya bandari ya Beira, Msumbiji, kuzuia mafuta yasipelekwe Rhodesia ya Ian Smith. Kwa miaka mingi kituo chao kikubwa kilikuwa Mombasa, mbali sana na Beira. Zisingekuwapo meli za mafuta zilizokuwa zikizijaza huko huko baharini, sehemu kubwa ya muda wao ingeishia njiani.

Hata maharamia walikosea

Kizazi cha sasa kinakumbuka zaidi habari za maharamia wa Kisomali. Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni ya majini iitwayo Atalanta, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda meli za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zilizopeleka chakula Somalia. Mwezi huo huo China nayo ilituma manowari mbili, Wuhan na Haikou, zikifuatana na meli ya ugavi Weishanhu. Tazama uwiano huo: kwa kila manowari mbili za China, meli moja ya kuzilisha.

Kwa kuwa meli ya ugavi kwa mbali inafanana na meli ya mizigo, maharamia walijikuta pabaya. Machi 29, 2009 waliishambulia meli wakidhani ni ya biashara, kumbe ni Spessart, meli ya mafuta ya jeshi la majini la Ujerumani, na saba kati yao wakakamatwa. Oktoba 7 mwaka huo huo, usiku, wengine wakaivamia Somme, meli ya ugavi ya Ufaransa. Nao watano wakatiwa mbaroni. Oktoba 2011 meli ya ugavi ya Uingereza, Fort Victoria, ilishirikiana na manowari ya Marekani kuikomboa meli ya Italia, Montecristo, iliyokuwa imetekwa.

Mambo hayo hayakuwa mbali na mfuko wa mkulima. Mbolea nyingi inayotumika mashambani mwetu huja kwa meli kupitia Bahari ya Hindi. Bahari ikiwa na maharamia, wenye meli hulipa bima kubwa zaidi au huzunguka njia ndefu, na gharama hiyo hupanda lori, ikapita Chalinze na Morogoro, ikamfikia mwenye jaruba. Ilichukua hadi Januari 1, 2023 kwa makampuni ya meli kuifuta Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo yenye hatari kubwa ya maharamia wa Kisomali.

Mpunga haungoji

Sasa turudi kwenye jaruba. Skimu ya umwagiliaji ya Dakawa, wilayani Mvomero, ina takriban hekta 2,000. Ilianzishwa miaka ya 1980 chini ya shirika la umma la NAFCO, na baadaye ikawa mikononi mwa wakulima wadogo kupitia ushirika wao, UWAWAKUDA. Maji ya Wami huvutwa kwa pampu za umeme. Maana yake ni kwamba mkulima wa Dakawa, kama manowari, anaendeshwa na mtambo unaokula kila siku. Bili ya umeme isipolipwa kwa wakati, au kipuri cha pampu kisipopatikana, majaruba hukauka hata kama mto umejaa.

Mpunga wenyewe una ratiba isiyobembelezwa. Chukua mbegu ya SARO 5, iliyoidhinishwa mwaka 2002 na kupendwa na wakulima wengi kwa mavuno na harufu yake. Inachukua takriban siku 120 hadi kuvunwa. Miche hukaa kitaluni kama siku 21, ikizidi sana inazeeka. Mbolea ya kupandia iwepo siku ya kupanda, si wiki moja baadaye. Mbolea ya kukuzia, kwa kawaida Urea, inatakiwa mpunga unapoanza kutoa machipukizi, wiki mbili hadi tatu baada ya kupandikiza, na mara ya pili unapojiandaa kutunga mimba. Mbolea ile ile, kwa bei ile ile, ikiwekwa baada ya masuke kutoka, inakuwa karibu sawa na kuimwaga mtoni. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Hapo ndipo hesabu ya mpagazi inaporudi. Tuchukue mfano wa kukadiria, wala si bei ya soko. Wakulima 20 wanahitaji mifuko 3 ya mbolea kila mmoja. Kila mtu akienda mjini kivyake, tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh 6,000, na kila mfuko unalipiwa Sh 2,000 kwenye gari. Kila mmoja ametumia Sh 12,000, na wote Sh 240,000. Aidha, zimepotea siku 20 za kazi, tena katika wiki ambayo palizi inasubiri.

Wakulima hao hao wakikodi Canter moja kwa Sh 120,000, ikabeba mifuko yote 60, na wakawatuma wenzao wawili kwa posho ya jumla ya Sh 20,000, gharama yote ni Sh 140,000. Kila mmoja analipa Sh 7,000. Wameokoa Sh 100,000 na siku 18 za kazi. Kwa vile tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku hutolewa kwa wakulima waliosajiliwa, kila mwanakikundi ahakikishe usajili wake umekamilika mapema, ili Canter lisifike dukani ndipo ionekane jina la mtu halimo.

Mambo manne ya kuiga

La kwanza ni kuhesabu kabla ya kuishiwa. Kila kikundi kiwe na daftari linaloonyesha ekari za kila mtu, tarehe ya kusia mbegu, na wiki ambayo kila pembejeo itahitajika. Tarehe ya kusia ikijulikana, tarehe ya Urea inajulikana. Hakuna sababu ya kushtukizwa.

La pili ni kushika mwendo mmoja. Meli mbili haziwezi kukabidhiana mafuta kama kila moja inakwenda kwa kasi yake. Vivyo hivyo, wakulima wa mfereji mmoja wakipanda kila mtu kwa wiki yake, maji hayatoshi, lori halijai, na kwelea kwelea hula kwa zamu kuanzia jaruba la kwanza hadi la mwisho. Wakipanda kwa pamoja, mahitaji yao huja kwa pamoja, na hata bei wanaizungumza kwa sauti moja.

La tatu ni kutotegemea chombo kimoja. Meli ya Somali ilipoungua, Königsberg haikuwa na nyingine karibu. Ushirika ambao fedha zake zinajulikana na mtu mmoja, au unaotegemea lori la mtu mmoja, au pampu isiyo na kipuri cha akiba, uko katika hatari hiyo hiyo. Vitabu vya hesabu visomwe mbele ya wanachama, fedha zitolewe kwa saini zaidi ya moja, na mfuko wa dharura wa umeme na vipuri uchangwe baada ya mavuno, wakati mtu ana kitu mkononi. Akiba haiozi.

La nne, nalo wengi hulisahau, ni uwezo wa kuachana. Manowari na meli ya ugavi hufungamana kwa waya wa chuma, lakini kila upande una njia ya kujifungua hatari ikitokea. Mkulima anayepewa mbolea kwa mkopo na mfanyabiashara, kwa masharti ya kulipa magunia ya mpunga ungali kijani shambani, mara nyingi amefungwa waya usiofunguka. Bei ikipanda wakati wa mavuno, faida si yake. Mvua au mafuriko yakiharibu mazao, deni linabaki. Kukopa si kosa, lakini mkopo uandikwe: kiasi cha fedha, tarehe ya kulipa, na nini kitafanyika mazao yakiharibika. Gunia lihesabiwe kwa kilo, lisiwe lumbesa. Asiyekubali kuandika, usikubali kamba yake.

Nafasi kwa mfanyabiashara mdogo

Habari hii si ya mkulima peke yake. Mabaharia wa meli za ugavi za Uingereza ni raia, wako chini ya idara iliyoanzishwa mwaka 1905, na kazi yao si kurusha makombora bali kufikisha mahitaji. Wanalipwa kwa kufikisha. Mfanyabiashara mdogo wa Dakawa, Mvomero au Morogoro mjini ajiulize kama anangoja wateja kwenye kibaraza cha duka, au anajua wiki ambayo mfereji fulani utahitaji magunia, uzi wa kushonea, dizeli ya pawatila, beringi, tochi, na chakula cha mchana kwa vibarua.

Mwenye bodaboda ya mizigo au guta anaweza kufanya mzunguko wa kila wiki kwenye majaruba, siku ile ile, saa ile ile, hadi wakulima wamzoee. Mama lishe anayefikisha chakula shambani wakati wa kupandikiza anauza sahani nyingi kuliko anayewasubiri barabarani. Kwa mbolea, mbegu na viuatilifu, ikumbukwe kuwa muuzaji anatakiwa kusajiliwa na kufuata sheria, kwa hiyo asiye na kibali aachane navyo na ajikite katika bidhaa nyingine. Zipo nyingi.

Kinachouzwa hapo zaidi ya bidhaa ni uhakika. Manowari haibadilishi meli ya ugavi kwa sababu nyingine ina bei nafuu kidogo. Inataka ile itakayokuwapo siku iliyopangwa. Mfanyabiashara anayeahidi Jumanne akatokea Ijumaa, hata akipunguza bei, mteja hatamsubiri, kwa kuwa mpunga nao haumsubiri mteja.

Mto Wami unapita Dakawa, unapinda kuelekea mashariki na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, upande wa Saadani. Majini huko, na ukingoni mwake hapa, watu wenye silaha nzuri waliwahi kushindwa kwa kukosa makaa na unga. Msimu ujao wakulima wa mfereji mmoja wakikaa chini ya mti na daftari moja kabla ya kusia mbegu, watakuwa wamefanya jambo ambalo nahodha wa manowari analipa uzito kuliko mizinga yake.